Trimu ya ndege: bati ni rahisi, kipimo ndicho ghali

Wafanyabiashara wa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, wamezoea kupiga hesabu kwa kilo. Korosho hupimwa, hupangwa madaraja na kupelekwa ghalani kusubiri mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Lakini ipo bidhaa ambayo thamani yake haitokani na uzito. Nayo ni trimu, kibapa cha aluminiamu kinachofungwa kwenye ukingo wa nyuma wa usukani wa ndege.

Bidhaa hiyo si ya ughaibuni tu. Katika miaka ya 2020, kampuni ya Airplanes Africa Limited ilianza kuunda ndege ndogo za viti 2 aina ya Skyleader mjini Morogoro. Huko Marekani, sheria humruhusu mtu binafsi kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha.

Ndege nyingi zenye injini moja puani huvutwa upande mmoja zinapopaa, na rubani hulazimika kukanyaga pedali muda wote. Akichoka na kuiachia, ndege huenda kiubavu na kula mafuta zaidi. Trimu humpumzisha. Kibapa kikikunjwa kushoto, upepo hukisukuma kulia, nacho huuvuta usukani wa mkia kulia.

Utengenezaji wake hauhitaji mtambo mkubwa. Mafundi wengi hutanguliza kabari ya mti mwepesi iliyobandikwa kwa utepe. Ndege hurushwa, hutua, kabari hupunguzwa kidogo, kisha hurushwa tena hadi inyooke. Ndipo hukatwa bati la unene wa takriban milimita 0.8 na kufungwa kwa riveti au gundi maalumu.

Hasara iko kwenye trimu inayoendeshwa na rubani angani, ambayo ina bawaba na fito. Bawaba ikilegea, kibapa huweza kutetemeka kwa kasi, mtetemo ukahamia kwenye usukani na kuuvunja mkia kwa sekunde chache. Hata rangi ya ziada ikipakwa nyuma ya bawaba huvuruga mizania ya usukani, hivyo hulazimu kuupima upya kila unapoguswa.

Kwa hiyo, fundi wa bati wa Nachingwea anaweza kukata kibapa hicho kwa mkasi alio nao, lakini mnunuzi hatalipia bati. Atalipia vipimo, rekodi za majaribio na ukaguzi unaokubalika kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayetaka kuingia katika biashara hii hana budi kutenga mtaji wa mizani na mafunzo kwanza, malighafi baadaye. Mkulima wa Kilimarondo hatashangaa: korosho yenye unyevu hurudishwa kutoka ghalani hata kama kwa macho inapendeza.