Dereva, Mlima na Upepo

Mtu akisimama Mombo wakati wa jioni, mahali ambapo njia ya Lushoto yakutana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, atayaona malori yakiteremka kutoka milimani moja baada ya jingine, yamejaa kabichi, karoti, viazi na nyanya. Hapo dereva hushusha pumzi. Mlima umekwisha, lami imenyooka mbele yake, na soko la Dar es Salaam lamngoja kabla ya mapambazuko. Basi hukanyaga mafuta. Na ukimwuliza dizeli yake huishia wapi, atakuonyesha kwa kidole ule mlima ulio nyuma yake.

Sisi twasema kwamba dereva huyo amtuhumu asiye mwizi. Mlima hula, lakini hula kwa kipimo. Mlaji asiye na kipimo yuko kule tambarare, na jina lake ni upepo.

Tuanze na mlima, tuutendee haki. Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto ni kilomita zipatazo 33, njia ikipita Soni, na katika mwendo huo gari hupanda karibu mita 1,000 kwenda juu. Njia hiyo ina asili yake katika siku za utawala wa Wajerumani, walipouita mji huo Wilhelmstal, na hata leo ni nyembamba, yenye kona kali, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Chukua gari ambalo, pamoja na mzigo wake, lina uzito wa tani 10. Kazi ya kuinua uzito huo kwa mita 1,000, ukiihesabu kwa nguvu iliyomo katika dizeli na kwa sehemu ambayo injini huweza kuigeuza kuwa kazi, yahitaji lita 7 hivi. Hiyo ndiyo kodi ya mlima, mbali na ile itumikayo kuyasukuma matairi barabarani. Ukipanda upesi, kodi ni hiyo; ukipanda taratibu, kodi ni hiyo. Mlima haupokei rushwa ya haraka.

Hata hivyo dereva aweza kuuongezea mlima ulaji. Yuko yule anayeikaribia kona kwa kasi, akaminya breki, kisha akaikamua injini ili aurudishe mwendo alioutupa. Afanyapo hivyo kona baada ya kona, ameinunua kasi moja mara nyingi. Yuko pia yule anayeng'ang'ania gia ndogo huku injini ikipiga kelele, na mwenzake anayeng'ang'ania gia kubwa hadi gari litetemeke. Dereva stadi huisikiliza injini, hubadili gia mapema, huiona kona kabla hajaifikia, na huacha gari lipungue mwendo lenyewe.

Katika kuteremka liko kosa jingine ambalo ni baya zaidi, kwani hugharimu maisha. Wapo madereva wanaoamini kwamba wakiweka gari nyutro na kuliacha liserereke, wameokoa mafuta. Imani hiyo haina msingi. Injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia, gari likiteremka na mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedeli ya mafuta, pampu huacha kuipelekea dizeli. Magurudumu ndiyo yaizungushayo injini, nayo huyazuia magurudumu. Ukiweka nyutro, injini yapaswa kujizungusha yenyewe, na kwa hiyo yaendelea kunywa. Zaidi ya hayo, uzito wote waachiwa breki. Zile tani 10 zikishuka mita 1,000, nguvu yake ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji. Joto hilo likiingia katika breki peke yake, huchoka zikaacha kushika. Na chini ya kona za Soni hakuna mahali pa kujifunzia. Wazee wa kazi hii walikwisha kusema: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Usemi huo huokoa roho na dizeli kwa pamoja.

Sasa tufike Mombo, lami iliponyooka. Hapa ndipo hesabu igeukapo. Gari likienda, lazima liusukume upepo ulio mbele yake, na ukinzani wa upepo hauongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Dereva akitoka kilomita 80 kwa saa akaenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini ukinzani wa upepo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Lori si samaki. Lina kifua kipana, na kabichi zilizorundikwa juu ya bodi, na turubai lililolegea likipigapiga, huuongezea upepo mahali pa kushikia.

Kutoka Mombo hadi Dar es Salaam, kwa kupita Korogwe, Segera na Chalinze, ni zaidi ya kilomita 300. Tuchukue mfano wa kilomita 300 tu, na gari letu lile la tani 10 linalokula lita 20 kwa kila kilomita 100 liendapo 80 kwa saa. Litatumia lita 60. Kwa mwendo wa 100 ulaji ukizidi kwa robo, jambo lisilo la ajabu hata kidogo, zimekwenda lita 15 zaidi. Msomaji akumbuke kodi ya mlima ilikuwa lita 7. Yaani kile alichokitupa dereva upeponi usiku mmoja kingetosha kuinua uzito ule ule kutoka Mombo hadi Lushoto mara mbili!

Na amenunua nini kwa lita hizo 15? Kwa hesabu ya karatasi, dakika 45. Lakini barabara si karatasi. Kuna vijiji vyenye ukomo wa kilomita 50 kwa saa, kuna matuta, kuna foleni, kuna askari. Mara nyingi wale wawili, mwenye haraka na mwenye subira, hukutana tena kwenye tuta lile lile. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu. Huko ndiko sheria na mfuko hukubaliana.

Mataifa makubwa nayo yamepitia somo hili. Baada ya mafuta kuadimika mwishoni mwa mwaka 1973, Marekani iliweka mwaka 1974 ukomo wa maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, katika nchi nzima, na ukomo huo haukufutwa hadi mwaka 1995. Kwetu, dizeli huja kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kila lita inayopotea imekwisha kulipiwa kwa pamba, kahawa, korosho au dhahabu ya nchi hii.

Lakini tusimtwishe dereva lawama yote. Mara nyingi haraka yake si yake. Mzigo umecheleweshwa kupakiwa Lukozi au Soni, mfanyabiashara ampigia simu kila saa, nyanya haingoji, na bei ya alfajiri si bei ya saa nne. Mwenye gari hutaka dizeli iokolewe, lakini akiba ikipatikana huitia mfukoni peke yake, kisha hushangaa kwa nini dereva haoni faida ya kuwa mwangalifu. Ni wajibu wa mwenye gari kulipia usafi wa injini, kujaza matairi upepo unaostahili, kutopakia kupita kiasi, na kumgawia dereva sehemu ya kile alichokiokoa. Na ni wajibu wa mfanyabiashara kuanza kupakia mapema. Saa moja iliyookolewa shambani haiombi dizeli hata tone.

Aulizaye, "Hayo yanamhusu nani mwingine?" na apande hadi Mlalo au Malindi, akamtazame mkulima aliyeinama katika tuta la kabichi kwenye mteremko. Mnunuzi akipanga bei ya shambani, kwanza hutoa gharama ya gari. Lita zilizochomwa bure kati ya Segera na Chalinze hukatwa katika jasho la mtu huyo, ambaye hakuwamo ndani ya gari wala hakuulizwa mwendo.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Hawakuwa na lori, lakini wangeielewa hesabu hii. Dereva wa Usambara amekwisha kufundishwa na mlima ustahimilivu ambao madereva wengi wa tambarare hawana. Yampasa asiuache ustahimilivu huo Mombo, bali aende nao hadi sokoni.