Furu: Samaki Mdogo Mwenye Ngome Katika Mafunjo

Askari anayeshika zamu Majanji, Wilaya ya Busia, huliona Ziwa Victoria kuwa ni mpaka wa Uganda na Kenya. Lakini chini ya maji hayo yumo mkazi asiyejua mpaka: furu, ambaye Waganda humwita nkejje. Wengi wao hawauzidi urefu wa kiganja.

Udogo huo usimdanganye mtu. Jike la furu hutaga mayai, kisha huyaokota na kuyatia kinywani. Huyalinda humo majuma mawili au zaidi, huku akila kidogo mno au asile kabisa, mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Dume naye hupambwa kwa rangi nyekundu, buluu au manjano, na kwa rangi hizo jike humtambua wa aina yake, kama sisi tunavyotambuana kwa sare.

Wataalamu hukadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu waliotaka samaki mkubwa wa biashara walimtia sangara ziwani. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameenea kote, na aina zipatazo 200 za furu zikatoweka. Tena udongo na mbolea kutoka mashambani viliyachafua maji. Penye tope sare haionekani, na aina zikachanganyika.

Waliosalia walipona wapi? Wengine katika miamba, wengine katika mafunjo. Humo hewa iliyomo majini ni haba. Sangara haistahimili, furu huistahimili. Kwa hiyo mafunjo, kama yale ya Mto Sio unapoingia ziwani karibu na Majanji, ni ngome. Nayo huchuja udongo kabla haujafika ziwani.

Mwaka 2017 askari wa UPDF walipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu. Askari wetu anajua kukagua mtumbwi, wavu na kokoro. Lakini anayefyeka mafunjo hana mtumbwi wala wavu. Ana panga tu, naye hupita mbele ya kituo bila kuulizwa neno.

Ndugu askari na polisi, mlinzi hulinda vyema kile anachokijua. Ukipita kando ya mafunjo, kumbuka kwamba humo mmejificha waliosalia.