MISHIPA YA FAHAMU NA SUMU YA MUHOGO



Mguu unapopiga hatua kwenda kazini, amri imetoka kwenye ubongo. Hushuka katika ugwe mgongo, yaani kamba laini iliyomo ndani ya uti wa mgongo, kisha hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye misuli. Habari za joto na maumivu hupanda kwa njia nyingine kwenda ubongoni.

Mwaka 1981 jirani zetu wa Nampula walipatwa na ukame mkali. Muhogo mchungu ndio uliostahimili, na kwa njaa watu waliula kabla haujakaushwa vya kutosha. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu. Ugonjwa huo uliitwa mantakassa. Sumu ya muhogo, yaani sianidi, iliharibu njia ya amri. Mtu alisikia mwiba ukimchoma, lakini miguu haikumtii.

Mishipa ya ubongo na ya ugwe mgongo ikifa haioti tena, na dawa ya kuirudisha haipo. Kinga ipo. Lowesha unga wa muhogo, utandaze kwa unene usiozidi sentimeta 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu itatoka hewani. Ndipo usonge ugali. Ule pamoja na samaki au kunde, maana protini husaidia mwili kuivunja sumu iliyobaki.

Njaa isitufanye tupunguze saa hizo. Tuwaeleze na wenzetu majumbani.