Oili Chafu Haiishi kwa Kugeuzwa Jiwe



Boti za wavuvi wa Bwejuu zinatumia mashine, na mashine hubadilishwa oili. Ile oili nyeusi unaipeleka wapi?

Mtu anaweza kukuambia: "Ichanganye na saruji na mchanga. Itakuwa jiwe, na sumu imekwisha." Maneno hayo yana ukweli nusu. Sote tunajua habari za gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974. Kisima cha gesi au mafuta kikichimbwa hutoa tope, na tope hilo likiwa na mafuta ni taka ya hatari. Njia moja inayotumika duniani ni kulichanganya na saruji likagande. Lakini wataalamu hawaliamini jiwe kwa kulitazama tu. Katika kipimo kimoja cha Marekani, jiwe huvunjwavunjwa, kisha hutikiswa katika maji yenye uchachu kwa muda wa saa 18. Ndipo maji yale hupimwa kama yana sumu.

Kwa nini wanapima maji? Fikiri chai. Unatia majani katika maji ya moto. Majani yanabaki majani, lakini rangi imetoka. Ukiyasaga, rangi hutoka upesi zaidi. Jiwe la saruji nalo ni hivyo. Lina matundu madogo sana, na maji hupita humo. Chokaa ya saruji hushika baadhi ya madini, kama risasi. Mafuta haiyashiki vizuri, tena mafuta huizuia saruji isikauke sawasawa. Jiwe likipasuka, maji hupata njia nyingi zaidi.

Kisiwa kidogo hakina mto. Maji matamu yaliyo ardhini ni machache, nayo hukaa juu ya maji ya chumvi. Kinachomwagwa juu hushuka humo humo.

Oili iliyotumika huweza kuwa na risasi na sumu nyingine, zikiwamo zinazoleta saratani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole. Hana homa, haharishi, na mama haoni sababu ya kumleta zahanati. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Dawa ya kutibu maji nayo haiiondoi.

Mimi ni kijana, na mafundi wa boti wamenizidi umri. Hata hivyo nawaomba, wazee wangu: msijengee kisima, birika wala sakafu ya kuanikia dagaa kwa saruji iliyotiwa oili chafu. Kama tofali la namna hiyo lipo karibu na kisima, msilivunje kwa nyundo. Liondoeni zima, mliweke pakavu chini ya paa, kisha mwiteni Bwana Afya.

Oili yenyewe itieni katika dumu lenye kifuniko. Liandikeni "OILI CHAFU", mliweke mbali na kisima na mbali na watoto. Msiimwage baharini. Dumu likijaa, muulizeni Bwana Afya lipelekwe wapi. Dumu hilo lisitumike tena kuchotea maji, hata likioshwa kwa sabuni mara kumi.