Hataza za seli shina na wagonjwa wa selimundu Oman
Mjini Maskati, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos imekuwa ikipandikiza uboho, wenye seli shina za damu, tangu miaka ya 1990. Wagonjwa wa selimundu hunufaika, ila lazima apatikane mtoaji anayelingana nao, aghalabu ndugu.

Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hurekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe. Lakini nchini Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2, na hataza za mbinu yake zimegombaniwa na taasisi kadhaa.

Oman ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 2000. Mkataba wa shirika hilo huruhusu nchi kuzinyima hataza mbinu za kutibu binadamu, si dawa. Hivyo upandikizaji waweza kubaki huru, huku bidhaa ikilindwa miaka 20 tangu kuwasilishwa ombi.