Pafu Lililotupwa kwa Mbwa

Sisi wakazi wa mitelemko ya Mlima Meru, tukisikia mtu anakohoa miezi mingi, fikra zetu hukimbilia kifua kikuu, na jina la Kibong'oto halikawii kutajwa. Ni sawa kufikiri hivyo na kwenda kupimwa. Lakini yuko adui mwingine wa mapafu, naye tunamlea wenyewe uani kwetu.

Adui huyo ni tegu mdogo wa mbwa, ambaye urefu wake ni milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaenea majanini, majini na katika manyoya. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akiyala, humea ndani ya maini na mapafu yake vifuko vilivyojaa maji. Mbwa akitupiwa pafu hilo, mzunguko huanza upya. Mtoto amchezeaye mbwa, kisha akala bila kunawa, huyameza mayai hayo hayo. Kifuko hukua polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu. Kikipasuka kifuani, mgonjwa hukohoa maji yenye chumvi, na huweza kufa ghafla.

Hili si jambo la kubuni. Kumbukumbu za machinjio ya Arusha za miaka ya 2005 hadi 2007, zilipochunguzwa na wataalamu, zilionyesha vifuko hivyo katika ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika nchi jirani ya Kenya, Waturkana wamehesabiwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani.

Tiba ipo. Iko dawa ya albendazo, lakini kifuko kikubwa cha pafuni aghalabu huhitaji kisu cha daktari, na gharama yake humwelemea mfugaji. Kinga ni nafuu mno. Machinjioni yuko mkaguzi wa nyama. Je, nyumbani siku ya sherehe ni nani akaguaye? Hapo ndipo pafu bovu hurushwa kwa mbwa, nasi tukajiona tumefanya hisani.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walichimba vyoo kwa mikono yao wenyewe. Shimo linalotakiwa leo ni dogo zaidi: la kufukia pafu na ini lenye vifuko, kina kisichofikiwa na mbwa. Tuwape mbwa wetu dawa ya minyoo kwa ushauri wa bwana mifugo, na tuwafundishe watoto kunawa mikono. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.