Kichwa Kidogo, Sauti Kubwa: Kabla Hujalipia Dikoda

Wanachuo wenzangu, ukiwa geto Kimara unaunda treni ya mfano, swali la kwanza kutoka kwa washkaji huwa: "Dikoda ipi ina sauti kali?" Swali hilo lisubiri. Kwenye kichwa kidogo cha dizeli, kile cha kupanga mabehewa stesheni, anza na rula.

Piga hesabu. Kichwa halisi chenye urefu wa mita 10 kikipunguzwa kwa kipimo cha H0, yaani 1 kwa 87, kinabaki na sentimita 11 na nusu hivi. Boneti yenye upana wa mita moja na nusu inakuwa milimita 17 tu, kabla hujaondoa unene wa plastiki. Humo kuna mota na giya tayari. Dikoda ya kawaida haiingii hata ukiibembeleza. Tafuta toleo dogo. Kwa mfano LokSound 5 micro ya ESU ina upana wa milimita 10 hivi.

Dikoda ni nini hasa? Kwenye mfumo wa DCC, umeme na amri hupita pamoja kwenye reli. Dikoda iliyo ndani ya kichwa husoma amri zinazoihusu, kisha huendesha mota, taa na sauti. Kwa hiyo jambo la pili ni ampea. Unganisha testa na mota, ipe volti 12, shika magurudumu yasizunguke kwa sekunde moja tu, usome. Dikoda iweze kubeba zaidi ya hapo, la sivyo utaiunguza na bumu litakuwa limekwenda na maji.

Tatu, spika. Wengi hulaumu chipu wakati kosa liko hapa. Sauti ya mbele ya spika na ya nyuma zikikutana hupunguzana, hasa besi. Spika ndogo ikifungiwa kwenye kiboksi kisichovuja hewa itaishinda kubwa iliyoachwa wazi. Angalia pia omu zake zilingane na maelekezo ya dikoda.

Nne, kapasita ya akiba. Vichwa hivi vingi vina magurudumu manne tu, na vumbi la Dar unalijua. Gurudumu likikosa umeme kidogo, injini inanyamaza na kuanza kuwashwa upya. Chagua dikoda yenye sehemu ya kuunganishia kapasita hiyo, na uiachie nafasi mapema.

Sasa ndipo tuongelee sauti yenyewe. Faili nyingi zinazouzwa ni za vichwa vya Marekani na Ulaya. Kama unataka mngurumo unaofanana na ule wa "treni ya Mwakyembe", iliyoanza kufika Ubungo mwaka 2012, uliza kama dikoda inakubali kuwekewa rekodi yako na kama kifaa cha kuiingizia kinauzwa kando. Hiyo ni gharama nyingine. Rekebisha pia CV3, inayopanga kasi ya kuongeza mwendo: kichwa halisi hunguruma kwanza, ndipo mabehewa husogea. Kikiruka kama bodaboda, hakuna sauti itakayokiokoa.

Na kama mfuko hauruhusu? Panda mwendokasi hadi Gerezani, ingia Kariakoo, uulizie moduli ya MP3 kama DFPlayer Mini. Inatumia volti 5 na kadi ya kumbukumbu. Ila haisomi amri za DCC, hivyo utahitaji Arduino au kitu kama hicho cha kuiongoza. Pia upana wake unazidi milimita 20, kwa hiyo hautaipenyeza kwenye boneti ile. Iweke pamoja na spika kwenye behewa la mizigo linalofuata nyuma ya kichwa. Behewa lina nafasi ya kiboksi kikubwa, na ukiwa umbali wa mita moja sikio halitajua sauti imetokea wapi.

Kwa hiyo: nafasi, ampea, spika, kapasita, halafu sauti. Ukifuata mpangilio huo, pesa itatoka mara moja tu.